Kinga Ambayo Fundi Haitoi: Kubana Ubao kwenye Msumeno wa Meza

Misumeno mingi ya meza huuzwa ikiwa na kofia ya kufunika diski, na mingi huonekana kazini bila kofia hiyo. Ukipita kwenye karakana za samani Bariadi mjini, mkoani Simiyu, utakuta diski iko wazi, kama utakavyoikuta Keko jijini Dar es Salaam au Gikomba jijini Nairobi. Tumezoea kuwalaumu mafundi kwa ukaidi. Mimi naona kofia yenyewe ina kesi ya kujibu. Inaziba mstari ambao fundi anautazama, inajaa unga wa mbao, na siku ya kukata mfereji wa paneli ya mlango, kata isiyotoboa ubao upande wa pili, kofia nyingi ni lazima zitolewe. Zikishatolewa, nani ana muda wa kuzirudisha?

Iko kinga ya aina nyingine, inayoanza kazi yake kwenye ubao kabla ya kufikiria kidole. Inaukandamiza ubao chini mezani na kuusukuma uegemee fensi, ile reli ya pembeni inayouongoza, toka mwanzo wa kata hadi mwisho. Ukiitoa, kata inaharibika hapo hapo na mteja analiona kosa. Hiyo ndiyo nguvu yake.

Simiyu ina sababu yake ya kuihitaji. Mkoa huu, uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, haujawahi kuwa nchi ya misitu ya mbao. Vichaka vya Usukuma vilifyekwa kwa miongo katika vita dhidi ya mbung'o, kisha kilimo cha pamba na ufugaji wa ng'ombe vikapanuka. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulisaidia kurudisha ngitili, yaani maeneo yanayotengwa na kuhifadhiwa kwa malisho, katika wilaya nyingi, ila ngitili inatoa malisho, kuni na fito, si fremu za milango. Kwa hiyo paina inasafirishwa kutoka mashamba kama Sao Hill kule Mufindi au Buhindi upande wa Sengerema, na mbao ngumu kama mninga inatoka ukanda wa miombo wa Tabora na Katavi.

Paina iliyovunwa ikiwa changa, ikaletwa mbichi, ikaanikwa kwenye jua la kiangazi la Bariadi, hukauka nje upesi kuliko ndani. Inajikunja kama upinde, inajipinda kama parafujo, na ndani yake unabaki mvutano usioonekana kwa macho. Ukiipasua kwa urefu, mvutano huo unafunguka. Pengine vipande viwili vinaachana nyuma ya diski, pengine vinakaribiana na kuibana.

Hapo pa kukaribiana ndipo hatari ilipo. Kwenye msumeno wa meza, meno ya mbele yanashuka: yanaukata ubao yakiukandamiza mezani, na fundi anajiona salama. Meno ya nyuma yanapanda. Ubao ukibana diski kwa nyuma, au ukiyumba ukaacha fensi, meno hayo yanaunyanyua, na ukifika juu ya diski unarushwa kwa aliyekuwa anausukuma. Diski ya milimita 300 iliyofungwa kwenye mota ya mizunguko 2,800 kwa dakika ina meno yanayokwenda mita 44 kwa sekunde, karibu kilomita 158 kwa saa. Hakuna basi la Bariadi kwenda Mwanza linaloruhusiwa mwendo huo. Tena ubao ukiruka, mkono uliokuwa umeuegemea hauna tena cha kuegemea, na unaweza kuangukia kwenye diski. Kwa mtu anayetazama, kuruka kwa ubao na kukatwa kwa vidole ni ajali mbili, lakini mara nyingi ni moja.

Katika karakana nyingi zinazopasua mbao kwa malipo, kazi hufanywa na watu wawili, mmoja anasukuma na mwingine anapokea nyuma. Huyu mpokeaji hatajwi sana katika mafunzo ya usalama, na naona ni kosa. Akivuta ubao huku akiuinua kidogo ili aone mstari, au akiupeleka pembeni kabla kata haijaisha, anafanya kile kile ambacho meno ya nyuma yanasubiri. Mwenzake wa mbele ndiye atakayepigwa. Unaweza kuwaonya wote wawili kila asubuhi, lakini kinachozuia kosa hili ni kitu kinachoushikilia ubao chini hata mpokeaji akiuinua.

Chombo chepesi kuliko vyote cha kufanya hivyo ni ubao wa vidole, na unatengenezwa kwa mabaki ya mninga au mkongo yenye nyuzi zilizonyooka. Chukua kipande cha upana wa milimita 75 hivi na urefu wa nusu mita. Kata ncha moja kwa mshazari wa nyuzi 30. Piga mstari mwingine sambamba na ncha hiyo, sentimita 12 hivi kwa ndani, kisha pasua mikato ya kufuata urefu inayoishia kwenye mstari huo, ukiacha vidole vya milimita 6 au 7. Vidole vitanyumbulika kidogo. Vikielekezwa upande ambao ubao unakwenda, vinauacha upite mbele, lakini ukijaribu kurudi vinajikaza dhidi yake. Kipimo cha mkazo ni mkono wako: diski ikiwa imezimwa, usukume ubao mbele uone kama unakwenda bila kupigana nao, kisha uuvute nyuma. Ukirudi kirahisi, kaza zaidi.

Mahali pa kuufunga ndipo wengi hukosea. Ubao wa vidole unaosukuma kwa pembeni, ule unaokaa mezani, ufungwe kabla ya diski, yaani upande wa msukumaji. Ukiusogeza ukawa sambamba na diski, utasukuma kipande kinachokatwa kikaibana diski, na hapo kinga imegeuka kuwa chanzo cha ajali. Unaokandamiza kwa juu hauna shida hiyo. Funga kipande kirefu cha mbao kwenye fensi kwa bolti, kisha juu yake weka vibanio viwili vya vidole, kimoja kabla ya diski na kingine baada yake. Hicho cha pili ndicho dawa ya mpokeaji.

Vibanio vya madukani vina magurudumu ya mpira yenye springi badala ya vidole. Gurudumu linazunguka upande mmoja tu, na limeinamishwa kiasi cha nyuzi 5 ili likizunguka liuvute ubao kwenye fensi. Kwa mji uliojaa baiskeli sioni kwa nini hili liagizwe ng'ambo. Friwili ya baiskeli nayo inazunguka upande mmoja na kukataa upande wa pili. Fundi wa kuchomelea anaweza kuifungia mkono wa chuma wenye springi na kuivisha mpira, ilimradi ijaribiwe na diski ikiwa imezimwa kabla ya kuaminiwa.

Sasa usahihi, ambao kwangu ndio unaouza kifaa hiki. Tuseme unakata mfereji wa kina cha milimita 10 kwenye fremu ya mlango. Ubao umejipinda kiasi cha kuinuka milimita 2 katikati. Bila kibanio, katikati mfereji utakuwa na kina cha milimita 8. Paneli itagota hapo, fremu haitafunga kwenye ndimi zake, na fundi ataanza kuchonga kwa patasi saa nzima au kuficha pengo kwa unga wa mbao na gundi. Kibanio kinaulaza ubao pale tu unapopita juu ya diski. Kina kinabaki kimoja, ubao ukitoka unarudi kwenye upinde wake, na mfereji unaufuata upinde huo ukiwa na kina kile kile.

Kwa kazi ya wingi faida inaongezeka. Mwaka 2016, elimu bila malipo ilipojaza madarasa na Rais Magufuli akaipa mikoa hadi mwisho wa Juni kumaliza uhaba wa madawati, karakana nchini zilipasua mbao za vipimo vilevile kwa mamia. Katika kazi ya namna hiyo ubao unaoachana na fensi milimita 3 tu unalazimisha kuranda upya, na mikono iliyochoka mchana haibani kama ilivyobana asubuhi. Vidole vya mninga havichoki.

Kuna teknolojia ya juu zaidi. Mwaka 1999 Mmarekani Stephen Gass alibuni msumeno unaoihisi ngozi ya mtu na kuisimamisha diski ndani ya milisekunde 5. Kila unapofanya hivyo unaharibu breki yake, na mara nyingi diski pia. Isitoshe unaihisi ngozi kwa umeme, na ubao wenye maji mengi unaweza kuudanganya. Paina mbichi ingeusimamisha bure, kwa gharama.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka sehemu hatari za mashine zikingwe. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, umejengwa juu ya uhusiano wa mwajiri na mwajiriwa. Fundi anayejitegemea, anayeleta mbao zake mashineni na kulipia kata, hana mwajiri wa kumchangia. Kwake vidole vilivyokatika ni kipato kilichokatika.

Kibanio hakifuniki diski, na mwenye kukitumia bado anahitaji kijiti cha kusukumia kila fensi inapokuwa karibu na diski kuliko upana wa kiganja. Bado anahitaji lile bapa la chuma linalosimama nyuma ya diski kuzuia mkato usijifunge, na diski yenye makali inayochomoza juu ya ubao kwa urefu wa jino tu. Na kwa kukata ubao kwa kukingama, kibanio cha kwenye fensi kiondolewe kabisa. Kazi hiyo ni ya kigari kinachoteleza kwenye mfereji wa meza, fensi ikiwa imesogezwa mbali ili kipande kinachokatika kisikwame kati yake na diski.