Sauti Arobaini Katika Kikanisa cha Ottawa

Kazi ya Janet Cardiff, mwanamke wa Kanada, inapowekwa katika kikanisa cha Rideau mjini Ottawa, mtu anayeingia haoni mwimbaji hata mmoja. Anaona vipaza sauti 40 juu ya miguu yao, vimefika kimo cha masikio, vimepangwa kwa duara iliyo ndefu kama yai, makundi manane, matano matano. Halafu wimbo unaanza, na katika kila kipaza sauti inatoka sauti yake peke yake.

Wimbo wenyewe ni wa zamani. Ni Spem in alium wa Thomas Tallis, Mwingereza, aliyeutunga mnamo mwaka 1570. Ni sala ya Kilatini, yenye asili katika habari za Yudithi, sala ya mtu anayemtumainia Mungu tu. Una sauti 40, na kila moja inakwenda kwa njia yake. Cardiff aliitengeneza kazi yake mwaka 2001 pamoja na kwaya ya kanisa kuu la Salisbury, sauti za waimbaji zikinaswa mbalimbali badala ya kuchanganywa pamoja. Inachukua dakika 14.

Wasomaji wapenzi, kazi hii imesifiwa sana. Sisi pia twaisifu, lakini si kwa kila neno lililosemwa juu yake.

Tuangalie kwanza ufundi. Katika makanisa yetu mtu akaaye bencini husikia kwaya kutoka mbali, sauti zimekwisha kuwa kitu kimoja. Hapa anatembea kati yao. Akisimama katikati, wimbo mzima unamzunguka kama maji. Akisogea karibu na kipaza sauti kimoja, anasikia pumzi ya mtoto, au besi ya mzee ikitafuta mahali pake. Na jengo lenyewe limeachiwa kazi yake. Fundi asiye na busara, akipewa kanisa la zamani, hutia mwangwi wa mashini juu ya mwangwi wa kuta, na maneno yote yanakuwa uji. Cardiff hakufanya hivyo. Kuta na dari zinaimba pamoja na wengine.

Lakini kwetu jambo bora si wimbo. Wimbo hushika dakika 11 tu. Katika dakika 3 zinazobaki twawasikia waimbaji wakingoja: wanakohoa, wanasafisha koo, wanazungumza mambo ya kawaida. Mwingine angeyakata hayo yote ili tudhani kwamba malaika wameimba. Yeye aliyaacha, na kwa sababu hiyo twajua kwamba nyuma ya kila kipaza sauti alikuwapo mtu mwenye jina na mafua yake.

Sasa tufike penye ugomvi wetu. Kikanisa cha Rideau kilijengwa miaka ya 1887 na 1888 kwa masista na wanafunzi wao wa kike. Mwaka 1972 nyumba yao ilibomolewa. Sehemu za ndani za kikanisa zikaokolewa, vipande zaidi ya elfu moja, zikaunganishwa tena ndani ya jumba la sanaa la taifa. Masista hawamo tena. Mwaka 2013 kazi hiyo ilipelekwa New York, katika kikanisa chenye mawe ya Fuentidueña, Hispania, nacho kimo ndani ya jumba la makumbusho. Basi watu wanalia machozi, wanasema kwamba kikanisa kimerudishiwa sala yake. Hapo hatukubali. Kimerudishiwa sauti.

Roma ilikwisha kulipambanua jambo hili. Agizo la tarehe 3 Septemba 1958 juu ya muziki mtakatifu liliruhusu kipaza sauti kikuze sauti ya mtu aliyepo, likakataza sahani na mikanda kushika nafasi ya kwaya au ya waamini katika ibada. Mwaka huohuo Missa Luba ya watoto na waalimu wa Kamina, chini ya Padre Guido Haazen, ilitiwa katika sahani, ikasikika mbali sana. Sahani ile ilileta sifa kwa Kamina, lakini haikuweza kumwitikia padre.

Ottawa hakuna ibada, kwa hiyo hakuna kosa. Hata katika kanisa lenye Misa, barua ya Roma ya mwaka 1987 yaruhusu muziki mtakatifu nje ya ibada, watu wakiingia bure, na Sakramenti Takatifu ikihamishwa kwa heshima kama inawezekana. Hofu yetu ni nyingine. Iko parokia ambako siku za juma mtu wa mitambo hubonyeza kidude, na mama wa kwaya, ambao sauti zao si za Salisbury, wamekaa kimya bencini. Kule vipaza sauti 40 vingewazibia kinywa kabisa.

Na neno moja kwa fundi. Dakika 14 zikiisha, kazi huanza tena, saa kwa saa, bila kupumzika. Masista wa Rideau walikuwa na saa zao za kuimba na saa zao za kunyamaza. Tungeulizwa, tungesema: baada ya kikohozi cha mwisho, mitambo inyamaze robo saa, na aliyeingia asikie nyayo zake mwenyewe.