Karani Mwenye Suruali ya Kaka Yake

Nilipokuwa kidato cha tatu, katika shule moja kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, tuliigiza sehemu ya mahakamani kutoka Mabepari wa Venisi. Mwalimu alimpa nafasi ya Shylock mwenzetu ambaye mama yake alikuwa mtu wa Nakonde, upande wa Zambia. Alisema amemchagua kwa sababu ya sauti yake nzito. Sisi tulijua sababu nyingine: Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya ng'ambo, na tulishazoea kuicheka.

Shylock aliposhindwa kesi na kuanza kuondoka jukwaani, mtu mmoja huko nyuma akapaza sauti: "Rudi kwenu!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nami nilicheka. Nilikuwa Nerissa, msichana aliyejifanya karani wa kiume, nimevaa suruali ya kaka yangu iliyofungwa kiunoni kwa kamba. Mimi ndiye niliyekuwa nadanganya, na hakuna aliyeniambia nirudi kwetu.

Tafsiri tuliyoitumia ni ya Mwalimu Nyerere, iliyotoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Mazungumzo mengi kuhusu kitabu hicho huishia kwenye jina lake. Shakespeare alitaja mfanyabiashara mmoja. Mwalimu akaandika mabepari, tena kwa wingi. Ukiingia kwa mlango huo, mchezo unakuwa hadithi ya fedha na unyonyaji. Usomaji huo una haki yake, lakini unatusahaulisha kwamba hii ni futuhi ya mapenzi, na kwamba kinachoiendesha ni watu kujigeuza na wenzao kushindwa kuwatambua.

Kwa ambaye hajaisoma: Bassanio anataka kumposa Portia, binti tajiri wa Belmont, lakini mfuko wake umetoboka. Rafiki yake Antonio anamkopea dukati 3,000 kwa Shylock, Myahudi, kwa sharti kwamba deni lisipolipwa ndani ya miezi mitatu, Shylock atakata ratili moja ya nyama ya mwili wa Antonio. Bassanio anampata Portia. Kisha habari zinafika kwamba merikebu za Antonio zimepotea, na deni limeiva. Portia anavaa kiume, anajiita Balthazar, na kuingia mahakamani kama mwanasheria msomi. Mtumishi wake Nerissa anakuwa karani. Wanasimama mbele ya waume zao waliofunga nao ndoa juzijuzi, na waume hawawatambui.

Kwa Kiingereza, mficho huo umo hata ndani ya sarufi. Kila mtu mahakamani anapomtaja mwanasheria huyo, hutumia kiwakilishi cha mwanamume, na mtazamaji husikia kosa kila mara. Zamani za Shakespeare utamu ulizidi, kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa jukwaani: mvulana aliigiza mwanamke aliyejifanya mwanamume.

Kiswahili hakina kosa hilo. "Amefika", "anasema", "mpeni pete": maneno haya yanamfaa Portia akiwa na gauni na yanamfaa akiwa na joho. Kiambishi chetu cha nafsi hakijali jinsia. Uongo unabaki kwenye maneno machache kama "bwana" na "kijana", na kwenye mavazi. Wengine wataona hapo tafsiri imepoteza kitu. Mimi naona imetusogeza karibu na jambo lenyewe. Suala la mume au mke likipungua uzito, unaona vizuri kilichoidanganya mahakama: joho la msomi na barua ya utambulisho kutoka kwa mwanasheria mkubwa wa Padua. Portia amejivika cheo, na cheo hakiulizwi maswali.

Kwetu jinsia imekaa kwenye jina la ukoo. Kwa Wanyamwanga, mwanamume akiitwa Simfukwe, dada yake ni Namfukwe. Portia wa Tunduma angebadili herufi mbili tu na kuwa mwanamume kwenye karatasi. Jina hilo litakuambia kama ni kaka au dada, lakini halitakuambia ni Mtanzania au Mzambia, kwa sababu koo hizohizo ziko pande zote mbili za mpaka.

Hapo ndipo ninapolisoma upya swali la kwanza zito la Portia mahakamani. Anauliza ni nani kati ya hawa ni mfanyabiashara, na ni nani Myahudi. Mkuu wa Venisi anawaita wote wawili wasogee mbele. Shylock anaulizwa kama hilo ndilo jina lake, naye anakubali. Mtu mwenye jina la bandia ndiye anayehakiki majina ya wengine.

Dakika chache baadaye anamnasa. Kwanza anasema mkataba umetaja nyama na haukutaja damu. Shylock anataka kuondoka, na hapo Portia anafungua sheria nyingine: mgeni akithibitika kutafuta roho ya raia, mali yake itagawanywa, nusu kwa raia huyo na nusu kwa dola, na uhai wake utakuwa mikononi mwa Mkuu. Neno lenye uzito ni "mgeni". Tangu mwanzo Shylock amekuwa jirani wa kukopwa na kutemewa mate. Sasa anaambiwa hakuwahi kuwa wa hapa.

Tunduma tunajua kujigeuza. Mama anayevuka asubuhi kuuza mchele Nakonde hubadili salamu kabla hajabadili fedha, na jioni akirudi amesharudisha Kiswahili chake. Tangu mwaka 2019 Marais Magufuli na Lungu walipozindua kituo cha pamoja cha mpakani, taratibu za nchi mbili hufanyika mahali pamoja, lakini ulimi bado ndio hukaguliwa kwanza. Anayejua lugha zote mbili hupita akitania na watu. Kijana wa Ethiopia anayesafirishwa kwa siri kuelekea Afrika Kusini hana salamu ya kubadili. Yeye hukaa kimya, na kimya chake ndicho kinachomtoa.

Futuhi hii inafungwa kwa kicheko cha pete. Portia, akiwa bado mwanasheria, alimwomba mumewe pete ya ndoa kama malipo, naye akaitoa. Nyumbani Belmont anamgombeza kwa kuigawa, kisha anamfichulia siri, wote wanacheka na kusameheana. Portia alivaa alipotaka, akavua alipotaka.

Shylock hayupo kwenye tendo hilo la mwisho. Mahakama ilimwachia uhai kwa masharti, na moja ni kwamba awe Mkristo. Huko nako ni kugeuzwa, ila vazi hili amevikwa na wengine na hataweza kulivua. Katika mchezo uliojaa watu wanaojibadili kwa hiari wakalipwa mapenzi, mmoja anabadilishwa kwa nguvu, na Shakespeare hakumwandikia mstari hata mmoja baada ya hapo. Nilipousoma tena nikiwa mtu mzima, sikuweza kuicheka pete.

Yule mwenzetu alimaliza kuigiza, akavua koti la babu yake, akaja kula wali pamoja nasi. Tulimwita Shylock mpaka tukahitimu. Aliitika kila mara, kwa Kiswahili ambacho kufikia kidato cha nne hakikuwa tena na lafudhi yoyote. Nilidhani amejifunza. Siku hizi najiuliza nani alimvika.