Neno "Tu" katika Kinywa cha Dola

Lugha ya wenye mamlaka yastahili uhakiki kama lugha ya washairi, na pengine zaidi. Kwani shairi baya humchosha msomaji, bali amri mbaya huweza kumvunja mtu mfupa.

Tarehe 20 Juni, 2013, Mheshimiwa Mizengo Pinda, mwenyeji wa Mpanda, Mbunge wa Katavi na Waziri Mkuu wa wakati huo, aliulizwa Bungeni juu ya malalamiko kwamba vyombo vya dola vilikuwa vikiwapiga raia. Majira yale yalikuwa ya hofu. Tarehe 5 Mei bomu lilikuwa limeua watu watatu katika kanisa la Olasiti, Arusha. Na tarehe 15 Juni jingine likalipuka katika mkutano wa CHADEMA, uwanja wa Soweto, mjini humo humo. Jibu lake lilianza na mkaidi mmoja: "utapigwa tu". Likafika kwa wengi: "muwapige tu", kwa sababu "tumechoka".

Tuutazame mwendo wa sarufi yake. Katika "utapigwa" mpigaji hatajwi. Kipigo ni kama mvua inayomshukia asiyejikinga. Katika "muwapige" mpigaji ameitwa na kuagizwa. Aliyepigwa naye amebadilika: kwanza alikuwa "wewe" uliyekaidi, sasa ni "wao", na "wao" haina mpaka. Mwenye fujo yumo, mpita njia aweza kuwamo, na mtuhumiwa asiyehukumiwa yumo pia. Kisha huja "tu", silabi moja inayofunga mlango wa kuuliza kwa nini na kwa kiasi gani.

Watetezi wake walisema kwamba dola isiyotiiwa haiwezi kumlinda mtu, na kwamba aliwakusudia wakaidi peke yao. Hoja ya kwanza ni ya kweli. Wafiwa wa Olasiti walihitaji serikali yenye nguvu. Lakini ya pili haipatani na maneno yenyewe. Baada ya mlipuko wa Olasiti watu kadhaa walikamatwa, miongoni mwao wageni kutoka Falme za Kiarabu, ambao baadaye waliachiwa. Kama kukamatwa kungetosha kuwa hatia, kuachiwa kwao kungekuwa na maana gani? Ibara ya 13(6) ya Katiba yakataza mtuhumiwa kutendewa kama mkosaji kabla ya kuthibitika kosa lake, na yakataza adhabu za kutweza utu. Haisemi kwamba makatazo hayo hukoma serikali inapochoka.

Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Tanganyika walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2014 kesi ilitupwa kwa kuwa walalamikaji hawakuwa na sifa za kisheria za kuifungua. Hivyo basi kauli yenyewe haikupata hukumu, na kazi ya kuipima imebaki kwa wasomaji.

Msemaji alikuwa mwanasheria, na alipenda kujiita mtoto wa mkulima. Hapa ndipo ulipo uzito wa jambo. Uchovu wa mkubwa waweza kusameheka nyumbani kwake. Lakini ukisemwa Bungeni hufika kwa askari aliye na rungu, naye hukutana barabarani na watoto wa wakulima wengine, wa Mpanda kama wa Arusha, wasio na kiti cha kujibia.