Kuchoka si Kudhoofika

Wahenga husema kwamba nguvu za mamba ni maji. Methali hii aghalabu humwonya mtu asijivunie uwezo ambao asili yake ni mahali alipo. Lakini ndani yake mna funzo jingine kwa mwenye kushughulika na lugha: kila nguvu ina chimbuko lake, na ipoteapo hupotea kwa njia yake. Mamba aliyeopolewa majini hakuchoka wala hakuugua. Ameondolewa kilichomtia nguvu. Mtu asemaye kwamba mamba huyo amedhoofika aikaribia kweli, ila hajaieleza.

Katika madarasa mengi neno hilo kudhoofika limekuwa kapu la kutilia kila kitu. Mwalimu wa Kiingereza akutanapo na vitenzi «ebb», «wane», «wilt», «fade», «flag» na «languish», huviandika ubaoni vyote sita, na mbele ya kila kimoja akaandika kudhoofika, au kupungua nguvu. Mwanafunzi hunakili na kukariri. Mwishowe ajua maana moja yenye majina sita, wala hajui kwa nini Mwingereza alijisumbua kuwa na majina hayo yote.

Sababu yaonekana mara kila kitenzi kirudishwapo kwao. «Ebb» chatoka baharini. Ni maji kupwa, na kwa hiyo ni nguvu iondokayo kidogo kidogo na ambayo huenda ikajaa tena. «Wane» huandamana na mwezi upunguao baada ya kuwa mpevu. «Wilt» ni cha jani lililokosa maji, na «fade» ni cha rangi na nuru. «Flag» husemwa juu ya kitu kilichosimama imara kisha kikaanza kuinama, kama msafiri aliyeondoka asubuhi kwa bidii na adhuhuri akaanza kukokota miguu. «Languish» ni cha mtu aliyeachwa kifungoni, au katika maradhi, au katika mapenzi yasiyojibiwa. Ndani yake mna muda mrefu, na mna upweke.

Hapana shaka kwamba Kiswahili kina mali ya kutosha kuyajibu hayo. Kina kupwa, kufifia, kunyauka, kusinyaa, kulegea, kunyong'onyea, kuzorota na kuchakaa, wala hakuna kati ya hayo liwezalo kukaa mahali pa jingine bila kubadili habari. Taa hufifia; hainyauki. Biashara huzorota, haisinyai kama ngozi. Kamusi za Johnson zilizotolewa mwaka 1939, na zile za Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili zilizofuata, zimeyahifadhi maneno kwa uaminifu. Lakini mara nyingi kamusi hutoa visawe na maelezo mafupi tu. Kazi ya kuonyesha kitenzi kimezaliwa wapi ni ya mwalimu na mfasiri.

Hapo ndipo nyanda za juu za Kigoma ziwezapo kuwa mahali pema pa kujaribia jambo hili. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya watu wa bahari. Mtoto wa Kasulu au Kibondo yuko mbali na bahari kiasi cha kilomita 1,000, na Ziwa Tanganyika, lililo karibu naye zaidi, halina kujaa na kupwa kunakoonekana kwa macho. Kumwambia kwamba «ebb» ni kupwa ni kumfafanulia giza kwa giza. Yafaa kwanza aelezwe habari za bahari, au apewe mfano wa mto Malagarasi upunguao wakati wa kiangazi na kufurika mvua zirudipo.

Mifano mingine anayo mlangoni pake. Maharage yaliyonyauka kwa jua la mchana huinuka tena jioni, mizizi ikiwa bado ina unyevu. Mahindi yaliyodumaa hayakupoteza nguvu yoyote, maana hayakuipata tangu mwanzo. Shamba lililolimwa miaka mingi bila kupumzishwa huitwa ardhi iliyochoka, na neno ni sahihi kabisa, kwa kuwa dawa yake moja ni mapumziko. Kamba iliyolegea hukazwa, lakini iliyokatika haina budi kufungwa fundo. Katika Kirundi na Kinyarwanda, lugha zilizo ndugu wa karibu wa Kiha, mtu aliyeishiwa nguvu na moyo husemewa «gucika intege», na kitenzi chake ni cha kukatika, kama kamba. Wenye lugha za jamii hiyo hawahitaji kufundishwa kwamba kulegea na kukatika ni mambo mawili.

Hata hivyo, kitenzi huweza kueleza sura ya jambo na kuficha kiini chake. Mwaka 2006 ugonjwa wa migomba uitwao mnyauko ulithibitishwa katika mkoa jirani wa Kagera. Majani ya mgomba mgonjwa hulegea na kugeuka manjano kana kwamba mti una kiu. Mkulima aliyelidhani jina hilo kuwa maelezo angeleta maji. Lakini mgomba huo umeingiwa na bakteria, na maji hayamfai kitu. Hana budi kuuondoa shambani kabla haujaambukiza mingine.

Kosa la namna hiyo likifanywa juu ya mtu, lina hatari kubwa zaidi. Buha ilisumbuliwa sana na malale, ugonjwa uenezwao na mbung'o, hata katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza ikawakusanya watu wa huko katika makazi ya pamoja ili kuwatenga na mapori ya mdudu huyo. Ugonjwa huu huanza kwa homa na maumivu ya kichwa na viungo. Vijidudu vikiisha kuingia ubongoni, mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku, na asipotibiwa hufa. Mtu wa namna hiyo akionekana amekaa chini ya mti wakati wenziwe wanalima, watazamaji watatu waweza kutumia vitenzi vitatu. Wa kwanza atasema amelegea, na neno hilo limekwisha kukaribia ulegevu, ambao ni lawama. Wa pili atasema amechoka. Wa tatu atasema amedhoofika. La kwanza laomba karipio, la pili laomba kitanda, la tatu laomba mganga. Na katika matatu hayo ni moja tu liwezalo kumwokoa.

Kiswahili kina tena uwezo ambao orodha ile ya ubaoni haiugusi. Kudhoofika hakumtaji mtendaji. Nguvu zimekwenda, basi. Kudhoofishwa kwauliza: na nani? Zama za ukoloni wanaume wengi wa Buha walikwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na kwingineko, wakiitwa manamba kwa sababu ya nambari walizopewa. Mwandishi asemaye kwamba baadhi yao walirudi wamechakaa amewafananisha na jembe au shuka. Asemaye walidhoofika ametaja hali yao na kunyamaza. Asemaye walidhoofishwa amefungua kesi. Herufi chache mwishoni mwa kitenzi zimebadili hukumu nzima, na mfasiri asiyezijali aweza kumwachilia mwenye hatia bila kujua.

Wako watakaosema kwamba tofauti hizi ni pambo la washairi, na kwamba mwanafunzi wa kawaida yamtosha kuelewa kwamba nguvu zimepungua. Hoja hiyo ingefaa kama mtu angesoma ili afaulu mtihani tu. Lakini mwanafunzi huyo kesho atakuwa mkalimani zahanatini, au karani wa mahakama, au mwandishi wa habari za kijiji chake, na watu watatibiwa na kuhukumiwa kwa maneno yake. Yafaa basi afundishwe kuuliza mambo matatu kabla ya kuchagua kitenzi: nguvu hiyo ilitoka wapi, imeondolewa na nini au na nani, na je, yaweza kurudi? Orodha ya ubaoni haijibu hata moja.