Kinachobaki Chini ya Chuchu

Kazi inaanza mgonjwa akiwa wima. Kijana wa miaka 24 amesimama karibu na dirisha, kifua wazi, macho sakafuni. Daktari bingwa wa upasuaji amevuta kiti akaketi mbele yake, kifua kikawa usawa wa macho yake, na mkononi ana kalamu ya wino mzito. Nilidhani michoro hii hufanyika mezani, mgonjwa akishalala. "Akilala kinatandaa," daktari ananiambia bila kugeuka. "Nikimchora amelala, nitapasua kifua cha mtu mwingine."

Anachora polepole. Kwanza mstari wa katikati, kutoka kwenye kishimo cha koo kushuka chini. Kisha mkunjo wa chini ya titi, kulia na kushoto. Kisha duara ndani ya duara, kama zile za vilima kwenye ramani ya jiografia, duara dogo kabisa likikaa pale uvimbe ulipo mrefu zaidi. "Shika kiuno, mdogo wangu. Kaza." Kijana anakaza, msuli wa kifua unakakamaa, na daktari anabana kwa vidole viwili kile kinachoteleza juu yake. Mafuta ni laini, yanakubali. Tezi ni ngumu, inakimbia kidole kama gololi ndani ya mfuko. Anaizungushia alama ya vitone.

Kila mwanamume ana tezi hiyo, ndogo na iliyolala. Homoni zikiyumba huamka. Wavulana wengi wakibalehe huota uvimbe unaoisha wenyewe ndani ya miaka miwili hivi, na hao daktari huwarudisha nyumbani wakasubiri. Wapo walioletewa na ini bovu, na wapo walioletewa na dawa: spironolaktoni ya moyo, efavirenzi iliyotumiwa miaka mingi katika vidonge vya ARV, au sindano za kujenga misuli zinazouzwa kwa minong'ono kwenye jimu. Huyu alipimwa damu, hakukutwa na kitu. Uvimbe ulikuja akiwa na miaka 14 ukakataa kuondoka. Kwenye mpira wa mtaani, timu zikigawanywa mashati na vifua wazi, alikuwa anawahi mashati. Baadaye akaacha kucheza. Katika joto la Dar es Salaam amevaa fulana mbili chini ya shati kwa miaka kumi.

Ndani ya chumba cha upasuaji, daktari wa usingizi anampa nusu kaputi, nesi anampaka kifua dawa ya kahawia. Kinachofuata si kisu. Kwenye tundu dogo ubavuni daktari anapitisha bomba jembamba na kumimina maji ya dripu yaliyochanganywa dawa ya ganzi na adrenalini, miligramu moja tu kwa lita nzima. Njia hii aliieleza daktari wa ngozi wa Marekani, Jeffrey Klein, mwaka 1987, na tangu hapo kunyonya mafuta kumekuwa kazi ya damu kidogo. Maji yanaenea, kifua kinajaa na kukaza.

Halafu anasubiri. Adrenalini inahitaji muda kuibana mishipa midogo. Weupe unaoonyesha kwamba imeshika hauonekani upesi kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo daktari anaiamini saa ya ukutani. Dakika 20. Amekunja mikono juu ya gauni, hagusi kitu, hasogezi chombo. Mimi mgeni ndiye niliyekosa subira, nikawa nahesabu mikasi kwenye trei.

Bomba la kunyonyea ni la chuma, unene wake milimita 4, na ncha yake ina matundu. Mkono wa kulia unalisukuma na kulivuta, kama anayesugua ndani ya chupa. Nikautazama wa kushoto. Umelala bapa juu ya ngozi, unafuata ncha inakokwenda, unakadiria unene uliobaki. Bomba linapita kama miti ya upepeo, kutoka kitundu kimoja kwenda pande nyingi, ili lisiache mfereji mahali pamoja. Kwenye chupa ya mashine yanaingia mafuta ya njano kama samli. Rangi ikianza kuelekea wekundu, anahama.

Tezi haivutwi na bomba, kwa hiyo sasa kisu. Katika karne ya saba Paulo wa Aegina, tabibu Myunani, aliandika juu ya kupasua matiti ya wanaume kwa mkato wa mwezi mwandamo chini ya titi. Mwezi huo umebaki, ila umepanda. Mwaka 1946 Jerome Webster wa New York alieleza mkato wa nusu duara ndani ya weusi unaozunguka chuchu. Daktari huyu anaufuata ukingo wa chini wa weusi huo, kutoka saa tatu hadi saa tisa za uso wa saa. Pale rangi mbili za ngozi zinapokutana, kovu litapata mahali pa kujificha.

Anainua ukingo kwa kulabu ndogo. Tezi inaonekana: nyeupe, yenye mng'ao, inavutika na kurudi kama ngisi. Hapa ndipo nilipokaribia meza. Mkasi haukati karibu na chuchu. Unaacha chini yake kitufe cha tezi chenye unene wa sentimita moja hivi, kwa sababu aliyesafisha kila kitu huacha chuchu iliyozama kama sahani, imegandamana na msuli. Kitufe kikiwa kinene, uvimbe unabaki. Hakuna rula inayoingia humo. Anakata kidogo, anaweka mkasi, anabana kitufe kati ya kidole gumba na cha shahada, anafumba macho. Anakata tena, unene wa ganda la kitunguu. Anabana.

Tezi ikitoka, anarudi shimoni na taa, akigusa kila kinukta cha damu kwa kalamu ya umeme. Damu kuvilia ndani ndilo tatizo linalojitokeza zaidi baada ya upasuaji huu, na haoni haya kukagua mara tatu.

Upande wa pili ni vilevile, kisha anaomba kichwa cha meza kiinuliwe. Mgonjwa, bado usingizini, anakaa nusu. Daktari anakwenda miguuni mwa meza na kutazama kwa mbali, kama fundi cherehani anayemrudisha mteja nyuma hatua mbili. "Kushoto," anasema. Anarudi, anatoa kipande cha ukubwa wa punje ya maharage. Nisingekiona hata ningeonyeshwa.

Nyuzi, mpira mwembamba wa kutolea majimaji, fulana ya kubana atakayoivaa wiki kadhaa: hayo yanakwenda upesi. Nesi ameshika vikopo viwili vya maabara, kwa maana saratani ya titi huwapata wanaume pia, mara chache, na tezi hizi zitatazamwa kwa hadubini. "Nikuandikie, Dokta?" Anatikisa kichwa. Anavua glavu, anachukua kalamu, anaandika kwa herufi kubwa KULIA, anamtazama mgonjwa, kisha anaandika KUSHOTO.