Kiti cha Naibu Kilivyoamua Urithi wa Nairobi

Mvutano wa kiti cha gavana wa Nairobi unatuhusu sisi wa Lodwar na Kakuma, kwa kuwa sheria iliyoukata ndiyo itakayotumika Turkana gavana akiondoka kabla ya muhula kwisha.

Kifungu cha 182 cha Katiba kinasema gavana akifariki, akijiuzulu au akiondolewa, naibu wake anamalizia muhula. Naibu naye asipokuwepo, Spika wa Bunge la Kaunti anakaimu na uchaguzi unafanywa ndani ya siku 60.

Nairobi haikuwa na naibu tangu Polycarp Igathe ajiuzulu Januari 2018. Katiba haikusema nafasi hiyo ijazwe vipi. Mwaka huo huo Mahakama ya Juu, ikijibu ombi la Spika wa Embu, ilielekeza gavana ateue jina ndani ya siku 14 na bunge lipige kura ndani ya siku 60. Gavana Mike Sonko alimteua Anne Kananu kuwa naibu Januari 2020, lakini kesi ikazuia asipigwe msasa.

Seneti ilimwondoa Sonko tarehe 17 Desemba 2020. Spika Benson Mutura aliapishwa kukaimu tarehe 21, na tume ya uchaguzi, IEBC, ikapanga uchaguzi mdogo tarehe 18 Februari, siku ya 59. Mahakama Kuu ikausimamisha. Kesi dhidi ya Kananu ilipoondolewa, bunge lilimwidhinisha na akaapishwa kuwa naibu tarehe 15 Januari.

Hapo ndipo penye fundo: je, jina lililotolewa na gavana aliyekwisha kuondolewa bado lina nguvu? Wapinzani walishikilia kwamba haki ilikuwa imesharudi kwa mpiga kura. Baada ya mivutano hadi Mahakama ya Rufaa, njia ilifunguka, na Kananu akaapishwa kuwa gavana tarehe 16 Novemba 2021. Kwa karibu miezi 11 kaunti iliongozwa na kaimu, kisha ikapata gavana ambaye hakupigiwa kura na wananchi.

Kwa maoni yangu, lawama haziwaendei majaji. Kiti cha naibu kiliachwa wazi karibu miaka mitatu. Mahakama ilipokea tatizo likiwa limekomaa.

Turkana, Gavana Josphat Nanok na naibu wake Peter Lokoel walichaguliwa pamoja, na Gavana Jeremiah Lomorukai akachaguliwa 2022 pamoja na naibu wake John Erus. Naibu akiondoka, wananchi wahesabu siku 14 za gavana na siku 60 za bunge, na wawadai wawakilishi wadi wao, wa Kakuma na kwingineko, wapige kura kwa wakati. Siku hizo zikipuuzwa, kura yetu itaishia mikononi mwa mawakili.