Njia Ipitayo Kitovuni

Kidole tumbo hakina jina zuri. Kikivimba hukatwa, kikatupwa. Mwaka 1980 daktari Mfaransa, Paul Mitrofanoff wa mji wa Rouen, alieleza jinsi alivyokipa kazi ya maana, na katika kazi zote za kisu sijaona inayonistaajabisha kuliko hiyo.

Wapo watoto wanaozaliwa na mgongo wazi, mishipa ya fahamu inayoongoza kibofu ikiwa na hitilafu. Wapo wengine, wachache zaidi, ambao kibofu chenyewe huwa wazi juu ya ngozi ya tumbo. Mkojo huwachuruzika usiku na mchana. Tena kibofu kigumu kisichoondoa mkojo wote huweza kuurudisha juu na kuharibu figo kimyakimya.

Ufundi wa Mitrofanoff uko hivi. Daktari hukitenga kidole tumbo na utumbo mpana huku akiilinda mishipa yake ya damu, maana ikikatika hiyo, kijibomba kitakufa. Ncha moja huipitisha katika handaki la sentimita chache chini ya utando wa ndani wa kibofu. Ya pili mara nyingi huitoa kitovuni, kovu likajificha humo. Kibofu kinapojaa, mkojo wenyewe hukikandamiza kijibomba kwenye ukuta wa misuli, kikajifunga kama bomba laini lililokanyagwa. Hakuna chuma wala betri. Lakini handaki likiwa fupi, njia itavuja. Ikipinda, mpira mwembamba wa kutolea mkojo hautapita. Kibofu kikiwa kidogo mno, huongezewa kipande cha utumbo mwembamba. Utumbo huo hauachi kutoa ute, kwa hiyo kibofu lazima kisafishwe mara kwa mara, la sivyo mawe hujijenga ndani yake.

Kazi hii inasimama juu ya kazi ya mwingine. Mwaka 1972 Jack Lapides wa Michigan, Marekani, alionyesha kwamba mgonjwa anaweza kujitoa mkojo kwa mpira uliooshwa vizuri tu, bila kutakaswa kama vifaa vya chumba cha upasuaji. Wenzake waliogopa vijidudu. Yeye alishikilia kwamba hatari kubwa ni kibofu kuachwa kijae kupita kiasi.

Tazama basi faida ya njia hiyo ya kitovuni kwa msichana aliye kwenye kiti cha magurudumu. Kila baada ya saa tatu au nne hunawa mikono, huupaka mpira kilainishi, huinua blauzi kidogo na kuupitisha kitovuni. Mkojo ukiisha, anauchomoa na kurudi darasani. Hakuna wa kumhamisha kitini wala kumvua nguo, na mama hana haja ya kushinda shuleni. Kwangu mimi, ukuu wa upasuaji huu ni kwamba humkabidhi mtoto mwili wake mwenyewe.

Haumalizi kila kitu. Tundu la kitovuni huweza kusinyaa likahitaji kurekebishwa, na figo zinahitaji kuangaliwa maisha yote. Kwa hiyo, mzazi mwenye mtoto wa mgongo wazi, usingoje akue: mpeleke mapema apimwe kibofu na figo. Nawe mwalimu, usimwite kikojozi. Mpe ruhusa ya kutoka bila kumhoji mbele ya wenzake, na hakikisha shule ina choo chenye mlango unaofungika, maji na sabuni.